Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kutafuta strati za kubadilisha kwenye SUV ya zamani

Ukurasa huu ni wa mwenye SUV iliyokula miaka kumi na mitano, ishirini au zaidi, ambayo sasa mbele inagonga, inainama sana breki zikikanyagwa, na kila anakokwenda kutafuta spea anaulizwa swali moja: "Ni ya mwaka gani?" Swali hilo peke yake limesababisha strati nyingi kurudishwa dukani. Kinachotakiwa ni namba ya chesisi, namba ya spea na vipimo vya kile kilichofungwa kwenye gari sasa hivi.

Strati na shokapu si kitu kimoja?

Kwa mazungumzo ya kawaida zote huitwa shokapu au shokomzoba, na watu wanaelewana. Ukifika kwenye kununua, tofauti ni kubwa. Shokapu ya kawaida ina kazi moja, kuituliza springi isiendelee kudunda. Ukiichomoa, gurudumu linabaki mahali pake. Strati ya aina ya MacPherson ni nguzo. Kwa kawaida imebeba springi, chini imeshika nakoli (kile chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu) kwa bolti mbili, na juu imeshikwa na maunti yenye beringi ili izunguke stelingi inapokatwa. Ukiichomoa, gurudumu linalala nje. Ndiyo maana strati iliyokosewa kwa milimita chache haiharibu ulaini wa gari tu. Inabadilisha pembe ya gurudumu, urefu wa gari upande huo, na jinsi tairi linavyolika.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta mtandaoni: vile vijiti vya gesi vinavyoinua boneti na mlango wa nyuma navyo huorodheshwa kwa jina la strati. Soma maelezo hadi mwisho kabla ya kulipa.

Nitajuaje kama SUV yangu ina strati kweli?

Lala chini uangalie, usikisie kwa umbo la gari. Toyota RAV4 ina strati mbele tangu kizazi cha kwanza cha 1994. Nissan X-Trail T30, Subaru Forester za SF na SG, na Toyota Harrier ya kwanza zina strati mbele na nyuma. Honda CR-V ya kwanza, ile ya RD1, haina strati mbele: gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Strati zilianza kwenye kizazi cha pili. Land Cruiser 80 ina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hiyo unatafuta shokapu tupu. Prado 120 huwachanganya watu wengi. Mbele springi imeizunguka shokapu na kwa macho inafanana na strati, lakini mikono miwili ndiyo inayoshika gurudumu. Suzuki Vitara ya zamani, ile iliyoanza 1988, ina strati isiyo na springi juu yake. Springi imekaa peke yake juu ya mkono wa chini.

Njia rahisi ya kutambua: ukiona mkono wa chini tu, hakuna mkono wa juu, na nakoli imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa shokapu, hiyo ni strati.

Zimekufa kweli, au tatizo ni kitu kingine?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mlio wa "kogo-kogo" kwenye barabara mbovu mara nyingi hautoki kwenye strati. Linki ya stabilaiza (kijiti kifupi kinachoishika fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) iliyolegea hugonga vilevile kabisa, na ni spea ndogo. Ishike kwa mkono gurudumu likiwa chini, mwenzako autikise mwili wa gari. Ukisikia mguso kwenye vidole, umempata mkosaji. Angalia pia boljointi ya chini na bushi za mkono wa chini.

Maunti mbovu ina dalili zake. Kata stelingi gari likiwa limesimama, na mkono mmoja ukiwa juu ya springi. Springi ikikaza, ikasita, kisha ikaruka kwa mlio wa "twang", beringi ya maunti imekwama. Strati yenyewe inaweza kuwa nzima.

Strati iliyokufa huonyesha haya: mafuta mabichi yanayotiririka kwenye mwili wake na kushika vumbi kama tope, tairi lililolika kwa mabonde-mabonde kuzunguka duara, pua ya gari kuzama breki zikikanyagwa na kubaki ikinesa, gari kupeperuka kwenye kona zenye mawimbi. Ukungu mwembamba wa mafuta karibu na sili peke yake si ugonjwa, kwa sababu rodi hupanda na utando kidogo wa mafuta kila inapofanya kazi. Kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuhesabu linadunda mara ngapi kinakamata strati iliyokufa kabisa tu. Strati iliyobakiwa na nusu ya nguvu hufaulu hapo bila shida, na barabarani inashindwa.

Pima pia urefu kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, gari likiwa pahali tambarare. Upande mmoja ukiwa chini kwa zaidi ya sentimita moja hivi, shuku springi kwanza. Springi za magari ya zamani huvunjika kwenye pindo la chini kabisa, pale mchanga na maji vinapojikusanya kwenye sahani inayokaliwa na springi, na kipande kilichovunjika kinaweza kubaki pale pale bila kuonekana. Pitisha kidole.

Kwa nini jina la gari na mwaka havitoshi?

Kwa sababu gari moja la mwaka mmoja hutoka kiwandani na strati za aina kadhaa. Kuna la kuendeshwa magurudumu mawili na manne, la milango mitatu na mitano, la petroli na la dizeli ambalo injini yake ni nzito zaidi, na toleo la michezo lenye springi fupi. Juu ya hayo, viwanda hubadilisha spea katikati ya mwaka. Mwaka wa kusajiliwa nao si mwaka wa kutengenezwa. Gari lililokaa ghalani kabla ya kuuzwa linaweza kusajiliwa mwaka unaofuata.

Basi nianzie wapi?

Namba ya chesisi. Magari mengi duniani yana namba ya herufi na tarakimu 17. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi yenye kistari, na sehemu iliyo kabla ya kistari ni kodi ya modeli: SXA11 ni RAV4 ya kwanza ya milango mitano, NT30 ni X-Trail ya magurudumu manne, RD5 ni CR-V ya pili ya magurudumu manne, SG5 ni Forester ya pili. Iandike pamoja na kodi iliyo kwenye kibati cha injini au nguzo ya mlango, yote kama ilivyo, bila kufupisha. Ukiingiza namba hiyo kwenye katalogi ya spea ya kampuni iliyotengeneza gari, utapata namba ya spea yako.

Namba ya spea nayo inasomeka. Kwa Toyota, tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 48510 ni ya mbele kulia, 48520 mbele kushoto, 48530 na 48540 ni za nyuma, 48609 ni maunti ya mbele, 48131 ni springi ya mbele. Zinazofuata kistari ndizo zinazotofautisha toleo. Nissan hutumia 54302 kwa mbele kulia na 54303 kwa kushoto. Honda ni 51605 kulia na 51606 kushoto. Subaru huanza na 20310 kwa mbele pande zote mbili, na tofauti ya kushoto na kulia iko mwishoni mwa namba. Muuzaji akikuambia "hii ni ya kwako" huku tarakimu tano za mwanzo zinataja upande mwingine, mrudishie kwa upole.

Kulia na kushoto huhesabiwa kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele, haijalishi usukani uko upande gani.

Kushoto na kulia zinaingiliana?

Mbele, karibu kamwe. Mwili wa strati una vibati vilivyochomelewa kwa ajili ya hosi ya breki, waya wa ABS na, kwenye magari mengi, linki ya stabilaiza. Vibati hivyo vinatazama upande mmoja. Ukilazimisha strati ya kushoto ikae kulia, hosi ya breki inapita pasipo pake, na kila ukikata stelingi inavutwa au inasuguana na tairi. Hosi ikichanika, breki zimeondoka. Nyuma, baadhi ya magari hutumia shokapu ileile pande zote, na katalogi itaonyesha namba moja na idadi ya 2.

Sina namba ya spea, na lebo ilishafutika. Nipime nini?

Kwanza osha strati kwa brashi ya waya na dizeli, kwa uangalifu. Chini ya tope mara nyingi kuna namba iliyopigwa kwenye chuma, karibu na sahani ya springi au kwenye kibati cha chini. Usiipake rangi wala kuikwaruza kabla hujaipiga picha.

Isipopatikana, chukua venia na futi upime hivi:

- umbali kati ya matundu mawili ya bolti za chini, katikati hadi katikati, na kipenyo cha kila tundu, kwa sababu la juu na la chini wakati mwingine hutofautiana;
- upana wa ndani wa kibati, pale nakoli inapoingia;
- kutoka tundu la chini hadi sahani ya springi;
- urefu wote rodi ikiwa imetoka, na urefu wote ikiwa imezama;
- kipenyo cha rodi na uzi wake wa juu, kwa mfano M12 au M14;
- kipenyo cha sahani ya springi, na kisigino cha kuegemea ncha ya springi kinatazama wapi ukilinganisha na bolti.

Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Strati mbili zinaweza kulingana kwa kila kitu huku kisigino cha moja kimezungushwa digrii chache. Springi ikikaa, inaisukuma rodi upande, rodi inakula sili, na strati mpya inaanza kuvuja mapema bila sababu inayoonekana.

Umbali wa sahani nao ni mkali. Sahani ikiwa juu kwa milimita 10, gari litasimama juu zaidi upande huo, na utaanza kulaumu springi isiyo na kosa.

Orijino haitengenezwi tena. Nimekwama?

Bado. Kwanza uliza kama namba imebadilishwa. Viwanda huifuta namba ya zamani na kuielekeza kwenye mpya, na wakati mwingine mnyororo huo una namba tatu au nne. Muuzaji anayetafuta ya kwanza tu ataona "haipo" na kuishia hapo. Pili, tumia namba ya orijino kutafuta namba linganishi kwenye katalogi za watengenezaji wa shokapu wenyewe. Kampuni kama KYB, Tokico, Showa na Sachs ndizo zilizotengeneza shokapu za viwanda vingi vya magari tangu mwanzo, na KYB, Monroe na Sachs huendelea kuuza za magari ambayo kiwanda chake kimeshayasahau. Tatu, angalia ndugu wa gari lako.

Ndugu wa gari ni nini?

Ni gari la jina jingine lililojengwa juu ya chesisi ileile. Toyota Harrier ya kwanza na Lexus RX 300. Ford Escape ya kwanza na Mazda Tribute. Hyundai Tucson ya JM na Kia Sportage ya KM. Suzuki Escudo, Vitara na Chevrolet Tracker. Daihatsu Terios na Toyota Cami. Spea iliyokwisha kwa jina moja huwa bado ipo kwa jina jingine, na wakati mwingine kwa bei nyingine.

Undugu unakupa pa kutafuta tu. Linganisha namba na vipimo, kwani ndugu mmoja anaweza kuwa na injini nzito au kibati cha linki mahali tofauti.

Nichukue chapa gani, na ya mafuta au ya gesi?

Kwa SUV ya zamani inayotumika kila siku, pendekezo letu ni la kawaida kabisa: aina ya kiwango cha kiwanda kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, kama KYB Excel-G, Monroe ya kawaida, Sachs au Bilstein B4. Mabomba ndani ya strati hizi ni mawili, na naitrojeni ya shinikizo dogo huzuia mafuta yasitoe povu yakipata moto. Ya mafuta tupu ni laini kwenye mwendo mdogo, lakini barabara ya matuta marefu huyachemsha, povu likajaa, na strati ikalegea hadi ipoe.

Zile za bomba moja zenye shinikizo kubwa, kama Bilstein B6, hushika gari vizuri sana likiwa na mzigo na kwenye mwendo mkubwa. Kwenye SUV yenye bushi zilizochoka utausikia ugumu wake mwili mzima. Tengeneza bushi kwanza.

Ninunue strati tupu au iliyokamilika na springi?

Iliyokamilika, kama Quick-Strut ya Monroe au Strut-Plus ya KYB, huja na springi, maunti, kava la vumbi na stopa, vyote vimeshafungwa. Faida yake kubwa ni usalama: huhitaji kubana springi. Kwa gari ambalo maunti na springi zake zote zimechoka, jumla ya gharama mara nyingi haipishani sana na kununua kimoja kimoja.

Kasoro yake ni springi. Mtengenezaji hutaka seti moja ifae matoleo mengi ya gari hilo, kwa hiyo springi yake ni ya wastani, na gari linaweza kusimama juu au chini kuliko zamani. Zibadilishe mbili kwa pamoja, usimchanganye mmoja mpya na mwenzake wa zamani. Ikiwa springi zako bado zina urefu wake na hazina kutu ya kula chuma, strati tupu pamoja na maunti mpya ndiyo njia inayolirudisha gari karibu zaidi na lilivyotoka kiwandani.

Strati zilizotumika zina ubaya gani?

Hujui zimebakiwa na nini. Kama hakuna njia nyingine, nunua jozi kutoka gari moja, na uzikague nje ya gari. Rodi iwe na kromu safi. Pitisha ukucha kutoka juu hadi chini: ukikwama hata kwenye kijidoa cha kutu, kijidoa hicho ni msasa utakaoila sili. Isimamishe wima na uzamishe rodi kwa uzito wa mwili. Ya gesi iliyo nzima inapinga mwendo mzima bila pengo, kisha inapanda yenyewe polepole. Ikizama kwa kuruka hatua, au ikikaa chini bila kurudi, iache. Gonga sahani ya springi kwa nyundo ndogo. Kutu ikianguka kwa magamba, achana nayo, kwa sababu sahani ikikatika gari likitembea springi inashuka hadi kwenye tairi.

Kuna mafundi wanaotoboa strati, wanajaza mafuta na gesi, kisha wanachomelea. Inafaa?

Kwa nguzo inayoshika gurudumu la mbele, hapana. Joto la kuchomelea linaikausha sili iliyo karibu, uchafu wa kutoboa unabaki ndani na kukwaruza bomba, na vali zilizochoka hazijaguswa. Mafuta mapya yanayopita kwenye vali mbovu hayana wa kuyazuia. Tena kuchomelea chombo chenye mafuta na shinikizo ndani kunaweza kumuua anayechomelea. Ukarabati halali upo kwa strati zilizoundwa zifunguliwe, zenye nati kubwa ya uzi juu ya bomba. Kwenye magari ya kale baadhi hukubali kubadilishiwa kiini cha ndani kizima.

Nitaitambuaje ya bandia?

Linganisha uzito na ile ya zamani. Bandia mara nyingi ni nyepesi kwa sababu chuma chake ni chembamba na rodi ni nyembamba. Tazama weldi ya kibati cha chini: iwe mstari mmoja wenye mawimbi yanayofanana, bila matundu. Namba ipigwe kwenye chuma, isiwe ya stika pekee, na ifanane na ya boksi. Rodi inayocheza upande kwa upande kwenye mdomo wa bomba ikiwa mpya haitadumu.

Gari langu lina shokapu za umeme au za upepo. Naweza kuweka za kawaida?

Inategemea mfumo, na usifanye kwa kubahatisha. Land Cruiser 100 yenye AHC (mfumo wa Toyota wa kupandisha na kushusha gari) hutumia mafuta ya shinikizo na matufe ya gesi kubeba sehemu ya uzito; shokapu ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi hiyo bila kubadilisha springi na kuondoa mfumo mzima. Range Rover P38 inakaa juu ya mifuko ya upepo pembe zote nne, na kuihamishia kwenye springi ni kazi ya seti kamili. Forester zilizokuja na strati za nyuma zinazojisawazisha ni mtego wa aina yake: springi zake ni laini kwa makusudi, kwa sababu strati hubeba sehemu ya mzigo. Ukiweka strati ya kawaida na kuacha springi zilezile, nyuma inalala. Badilisha springi pia.

Plagi ya waya juu ya strati ni ishara ya shokapu ya umeme. Ukiiacha ikining'inia, taa ya onyo itabaki inawaka.

Gari limeinuliwa kwa spesa (kipande cha kuongeza urefu). Je, strati za kawaida zinatosha?

Spesa inayowekwa juu ya maunti haibadilishi mwendo wa strati yenyewe, ila inaishusha strati nzima, na sivi jointi (jointi za shafti ya gurudumu) na boljointi ndizo zinazofanya kazi kwenye pembe kali. Springi ndefu ni jambo jingine: strati ya kawaida itasimama karibu na mwisho wa rodi yake na kugonga kila gurudumu linaposhuka shimoni. Hapo tafuta strati iliyotengenezwa kwa urefu huo.

Nibadilishe moja au mbili?

Mbili za ekseli moja, daima. Strati mpya na iliyochoka upande wa pili hulivuta gari upande mmoja kwenye breki za ghafla.

Pamoja na strati, nini kingine kiwe mkononi kabla ya kufungua?

Kwa ekseli ya mbele: maunti 2 na beringi zake, stopa za mpira 2, kava za vumbi 2, mipira ya kukalia springi juu na chini, nati mpya 2 za rodi, na linki 2 za stabilaiza, kwa sababu nati za linki za zamani huzunguka na pini yake na nyingi hutoka kwa kukatwa. Bolti za chini zilizoliwa na kutu zibadilishwe kwa bolti za daraja lilelile, zisiwe za duka la vifaa vya ujenzi. Wengi huruka stopa ya mpira kwa kuwa ni ndogo. Ikiwa imeshapukutika, kila shimo linaipiga strati mpya chuma kwa chuma.

Wakati wa kufunga, nini huharibika?

Kubana springi ndiko kunakoua watu. Springi yenye ugumu wa nyutoni 30 kwa kila milimita, ikibanwa milimita 150, inasukuma kwa nyutoni 4,500, karibu sawa na uzito wa kilo 460. Tumia vibanio viwili vinavyotazamana, vikamate mapindo mengi kadiri inavyowezekana, kaza kidogo hapa kidogo kule, na usisimame kwenye mstari wa springi. Nati ya rodi haifunguliwi kabla springi haijalegea kwenye sahani zake zote mbili.

Kabla ya hapo: gari liwe juu ya stendi, si jeki tupu. Weka alama ya rangi kwenye bolti za chini. Kwenye Subaru nyingi bolti ya juu ya zile mbili ni ya kurekebishia pembe, na kichwa chake kina alama zake. Nakoli ikiachiliwa ifungwe kwa waya isianguke nje, kwani ikining'inia kwenye hosi ya breki inaikata kwa ndani, na ikivutwa sana shafti hutoka kwenye jointi yake ya ndani.

Strati mpya iliyolazwa ghalani ina gesi iliyoingia pasipo pake. Isimamishe wima, izamishe na kuitoa mara nne au tano hadi mwendo uwe sawa, kisha usiilaze tena.

Usishike rodi kwa plaisi. Mkwaruzo mmoja kwenye kromu ni strati iliyokufa. Usitumie bunduki ya upepo kwenye nati ya rodi pia. Rodi inazunguka kwa kasi na kuumiza pistoni ndani. Shika ncha ya rodi kwa alenki au spana inayokaa, kaza nati kwa mkono.

Springi ikae huku ncha yake imegusa kisigino cha sahani. Sahani ya juu ya Toyota nyingi ina neno OUT, nalo litazame nje ya gari. Nati tatu za juu zikazwe kwa wastani tu, kwani bolti zake ni ndogo na hukatika. Bolti za chini hukazwa kwa nguvu kubwa zaidi, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako na spana ya torki. Nati za magurudumu ni nyutoni mita 103 kwa RAV4 na 108 kwa CR-V. Kwa shokapu zenye bushi ya jicho chini, kaza bolti hiyo gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukiikaza gurudumu likining'inia, bushi itakaa imejipinda na kuchanika.

Alaimenti ni lazima?

Kwa strati, ndiyo. Bolti zina nafasi ndogo ndani ya matundu, na nafasi hiyo ni pembe. Matundu yakiwa yametengana milimita 60, bolti ya juu ikisogea milimita 1 gurudumu linainama karibu digrii 1, kiasi cha kulila tairi upande mmoja. Liendeshe gari siku chache springi zikae, kisha lipeleke.

Nimefunga zote mpya na bado kunagonga. Kwa nini?

Nati ya rodi haikukazwa kikamilifu, au washa ya juu ya maunti imegeuzwa. Hizo mbili ndizo za kwanza kuangalia, na unazifikia ukifungua boneti. Baadaye angalia ncha ya springi kama imeruka kisigino, kisha linki za stabilaiza. Mlio ukitokea wakati wa kukata stelingi tu, beringi ya maunti imewekwa juu chini, nayo inafanyika mara nyingi kwa sababu pande zake mbili zinafanana. Fungua, linganisha na mchoro wa kiwanda, na ugeuze kabla haijasagika.